Mtoto Yule Yule, Maswali Matano: Kuzilinganisha Nadharia za Makuzi ya Binadamu

Hotuba hii ilitolewa mbele ya walimu wa awali na msingi, wauguzi wa kliniki ya mama na mtoto, na maofisa ustawi wa jamii. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Michoro iliyoonyeshwa ukutani haimo.

Shikamooni wazee wangu. Wengine wote, habari za asubuhi.

Tuanze na maji. Weka mezani bilauri mbili zinazofanana, tia maji mpaka mtoto wa miaka mitano aseme mwenyewe kwamba yako sawa. Kisha, huku akitazama, mimina maji ya bilauri moja kwenye chupa nyembamba na ndefu. Muulize: sasa je, maji ni sawa, au kuna penye mengi zaidi? Watoto wengi wa umri huo watakuonyesha chupa. "Hapa ni mengi, yamefika juu."

Nawauliza ninyi: mtoto huyu amekosea nini? Watafiti wa makuzi ya binadamu kila mmoja angelitazama kwa namna yake.

Jean Piaget angesema hajakosea kwa uzembe. Akili yake bado inashika jambo moja kwa wakati mmoja. Ameshika urefu, ameuachia upana. Lev Vygotsky angeuliza: kwa nini umemwacha peke yake? Akisaidiwa kidogo angefika wapi? Mary Ainsworth angeziacha bilauri, atazame nani yumo chumbani na mtoto anamwendea nani akiingiwa na wasiwasi. Erik Erikson angeutazama uso wako wewe mwalimu baada ya jibu, maana mtoto wa umri huu anajaribu kuthubutu, na uso wako unaweza kumpa moyo au kumfanya ajione mkosaji. Na Charles Super na Sara Harkness, waliofanya utafiti katika kijiji cha Kokwet nchini Kenya, wangeuliza: je, huyu mtoto amezoea kuulizwa na mtu mzima jambo ambalo mtu mzima huyo analijua tayari?

Mtoto yule yule. Maji yale yale. Maswali matano.

Wengi wetu tulizikariri nadharia hizi kwa ajili ya mtihani: jina, hatua, umri. Ndiyo maana tunaingia kazini tukidhani kazi yetu ni kuamua nani kati yao yuko sahihi. Ndugu zangu, kazi si hiyo. Kabla hujaitumia nadharia yoyote, iulize: waliotazamwa walikuwa akina nani? Walitazamwa wakifanya nini? Na aliyewatazama alikuwa anatafuta nini?

Piaget alizaliwa Neuchâtel, Uswisi, mwaka 1896. Akiwa kijana alipewa kazi Paris, kwa Théodore Simon, ya kusanifisha maswali ya kupima akili za watoto wa shule. Uliza, weka vema, weka kosa, hesabu alama. Wengine walizitazama vema. Yeye alivutiwa na makosa. Aliona watoto wa umri mmoja wanakosea kwa namna ileile, na kwamba kosa lile lina mantiki yake. Hapo ndipo mkondo wa maisha yake ulipogeuka. Baadaye aliwafuatilia wanawe watatu, Jacqueline, Lucienne na Laurent, akiandika siku kwa siku walichokifanya.

Hatua zake nne mnazijua: miaka 2 ya mwanzo mtoto anafikiri kwa hisi na mwendo, kuanzia 2 hadi 7 ana alama na maneno lakini mantiki haijatulia, 7 hadi 11 mantiki inashika vitu vinavyoonekana, kuanzia 11 hivi anaweza kufikiri juu ya yasiyoonekana. Nakazia jambo moja hapa. Miaka ile ni wastani. Alichokishikilia Piaget ni mpangilio, siyo siku ya kuzaliwa. Na kuhusu hatua ya mwisho, mwaka 1972 yeye mwenyewe alikubali kwamba huenda watu wakaifikia katika fani wanayoimudu. Fundi magari anayetafuta hitilafu kwa kuondoa sababu moja baada ya nyingine anafikiri kwa kiwango cha juu kabisa, hata kama ukimpa fumbo la karatasi atalisukuma pembeni.

Sasa kile kipimo cha maji. Kinaharibika wapi? Kinaharibika kwenye swali kuulizwa mara mbili. Umemuuliza kabla ya kumimina, unamuuliza tena baada ya kumimina. Darasani mwetu mwalimu akirudia swali maana yake nini? Maana yake umekosea, badilisha jibu! Watafiti wawili wa Uskoti, James McGarrigle na Margaret Donaldson, walilijaribu hilo katika miaka ya 1970. Walipanga safu mbili za vipande vilivyo sawa kwa idadi. Badala ya mtu mzima kuzivuruga, akatokea mwanasesere mtundu, dubu mdogo, akaichafua safu moja "kwa bahati mbaya". Watoto wengi zaidi walijibu sawasawa. Hesabu haikubadilika, kilichobadilika ni sababu ya kuulizwa.

Kwa hiyo ukikitumia: uliza baada ya kumimina tu, au mwache mtoto mwenzake amimine. Tumia lugha ya nyumbani kwake. Sema "maji mengi zaidi", usiseme "makubwa" wala "yaliyozidi". Na usiishie kwenye jibu, muulize "umejuaje?" Anayesema "hukuongeza wala hukupunguza" amevuka. Anayesema "sawa" bila sababu huenda amebahatisha.

Vygotsky alizaliwa mwaka huohuo wa 1896, Orsha, ambayo leo iko Belarusi, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1934 akiwa na miaka 37. Kitabu chake kikuu juu ya fikra na lugha kilitoka mwaka ule aliokufa, na kwa Kiingereza hakikusomwa hadi 1962. Ndiyo maana vyuoni amechelewa kuingia.

Hawa wawili walitofautiana juu ya jambo ambalo kila mwalimu wa awali hulisikia: mtoto anayejisemea. Piaget aliliona kuwa dalili ya mtoto ambaye bado hawezi kujiweka mahali pa mwenzake, litakufa akikua. Vygotsky akaweka vizuizi. Mtoto anataka kuchora, penseli ya rangi anayoitaka haipo. Kujisemea kukaongezeka karibu mara mbili. Mtoto mmoja aliwaza kwa sauti kwamba atatumia nyekundu, ailoweshe maji, iwe nyeusi ifanane na buluu. Hayo ni maneno ya kupanga kazi! Kadiri anavyokua, sauti inaingia ndani na kuwa fikra. Basi mwalimu anayepiga meza na kusema "Kimya!" wakati watoto wa darasa la kwanza wananong'ona hesabu zao, anawanyang'anya vijiti vya kuhesabia. Kwa mtazamo wangu, hapa Vygotsky alimshinda mwenzake.

Na kuna lile eneo la ukuaji wa karibu: umbali kati ya anachoweza mtoto peke yake na anachoweza akishikwa mkono. Mwaka 1976 David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross waliandika juu ya watoto 30, wa miaka mitatu hadi mitano, waliosaidiwa kujenga piramidi ya vipande 21 vya mbao. Msaada ule wakaufananisha na mirunda ya fundi anayejenga ghorofa: inasimamishwa, kisha inaondolewa. Kwa vitendo, ngazi ziko hivi. Kwanza mtie moyo: "jaribu tena." Akikwama, taja jambo lenyewe: "tazama upande wa makumi." Akikwama tena, mwonyeshe kwa kidole. Akikwama tena, mwandalie nusu. Mwisho kabisa, fanya wewe huku anatazama. Akikosea, panda ngazi moja. Akipata, shuka ngazi moja. Kosa letu ni lipi? Tunaanzia ngazi ya mwisho ubaoni, tunakaa hukohuko, mirunda haiondoki, na ghorofa halijulikani kama linasimama lenyewe. Mwenye darasa la watoto 70 ataniuliza atawafikiaje wote. Waunganishe wawiliwawili, mtoto na aliyemzidi kidogo tu. Usimpe yule wa kwanza darasani, maana yeye amesahau njia aliyopitia.

Sasa njooni Uganda. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu habari hii ni yetu na hatuisimulii vya kutosha.

Mwaka 1951 daktari Mwingereza, John Bowlby, aliliandikia Shirika la Afya Duniani ripoti juu ya madhara ya kumtenganisha mtoto mdogo na mlezi wake. Mtafiti aliyefanya naye kazi London, Mary Ainsworth, alimfuata mumewe Kampala mwaka 1954. Wakati ule maelezo ya kawaida yalikuwa kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu mama ni chakula, na Ainsworth mwenyewe hakuwa amekubaliana na Bowlby. Akaenda kwenye vijiji vya karibu na Kampala, kwa familia 26 za Waganda zenye watoto wanaonyonya. Kila baada ya wiki mbili, saa mbili sebuleni, pamoja na mkalimani, kwa muda uliofika miezi tisa.

Aliona nini? Mtoto anatambaa kumwacha mama, anageuka kumtazama, anaendelea kuchezea vitu, anarudi kumgusa, anaondoka tena. Mama ni kituo cha kuondokea na cha kurudia. Mtoto analia mama akitoka hata kama ameshiba. Na mama walioweza kusimulia mambo madogomadogo ya watoto wao, anachopenda, anavyolala, kilio chake cha njaa na kilio chake cha uchovu, ndio watoto wao walikuwa na utulivu zaidi.

Baadaye akahamia Baltimore, Marekani, akatazama familia nyingine 26. Nyumbani watoto wale hawakulia sana mama akitoka chumbani, walishazoea. Kilichoonekana wazi Buganda, kule kilijificha. Ndipo akabuni chumba kigeni chenye vitu vya kuchezea: vipindi vinane, kama dakika 20 kwa jumla, mgeni anaingia, mama anatoka mara mbili na kurudi mara mbili. Matokeo yakachapishwa mwaka 1978. Ndugu zangu, kipimo kinachofundishwa dunia nzima kilibuniwa kwa sababu watoto wa Baltimore hawakufanya waliyoyafanya watoto wa Buganda.

Na kipimo kile hakitazami kilio. Nasema tena: hakitazami kilio. Kinatazama kurudi. Ninyi wenye vituo vya kulelea watoto mchana, asubuhi mnahesabu nani amelia getini. Tazameni saa ya kuchukuliwa. Je, mtoto anamwendea anayemchukua, anabembelezwa, anatulia, anarudia mchezo? Huyo yuko salama hata kama asubuhi alilia sana. Je, anageuza uso kana kwamba hakuja mtu? Je, anang'ang'ania na kupiga kwa pamoja, na hatulii? Andikeni, kwa siku nyingi, na siyo siku moja ya homa au ya meno.

Angalizo kwa wauguzi. Mlezi huyo si lazima awe mama peke yake. Anaweza kuwa bibi, shangazi, dada mkubwa. Mtoto hushikamana na watu kadhaa. Na msimhukumu mama kwa kuwa hamsemeshi mtoto mchanga uso kwa uso. Robert LeVine na wenzake, waliotafiti kwa Wagusii nchini Kenya, walieleza kwamba mama pale walilenga kwanza kumlinda na kumtuliza mtoto: kumbeba, kumnyonyesha upesi, kulala naye. Mama wa mijini Marekani walilenga kumchangamsha kwa maneno. Ni malengo mawili tofauti ya malezi. Kimya cha mama wa kwanza si ubaridi.

Je, mwanzo mbaya hauponi? Sisi tunasema samaki mkunje angali mbichi, na tunaitumia methali hiyo kama hukumu. Ushahidi mzito unatoka Bucharest, Romania, ambako kuanzia mwaka 2000 watoto 136 waliolelewa kwenye taasisi walifuatiliwa; nusu yao, kwa bahati nasibu, wakapelekwa kwenye familia za walezi wa kambo. Waliopelekwa kabla ya kama miaka miwili walipona vizuri zaidi katika mambo kadhaa, hasa kushikamana na mlezi. Kwa hiyo wakati una uzito. Lakini tazameni ni hali gani iliyopimwa: watoto wengi mikononi mwa watumishi wachache wanaopokezana zamu. Siyo mama anayewahi sokoni alfajiri akimwacha mtoto kwa bibi. Afisa ustawi akiyachanganya hayo mawili anaweza kuiumiza familia isiyo na kosa.

Tupande umri sasa. Piaget anatuacha njiani tukiwa vijana, na Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyechunguza nafsi, aliona mengi yamekwisha amuliwa utotoni. Erikson ndiye aliyesema mtu anakua hadi kufa.

Alizaliwa Frankfurt mwaka 1902, mama yake Mdenmaki, baba aliyemzaa hakumjua. Alilelewa na baba wa kambo, akabeba jina lake, Homburger. Nywele zake za dhahabu zilimfanya aonekane mgeni sinagogi. Shuleni akaitwa Myahudi. Alipopata uraia wa Marekani mwaka 1939 alijipa jina jipya, Erikson. Mtu huyu ndiye aliyetufundisha kwamba swali la ujana ni "mimi ni nani?" Mwaka 1950 alitoa hatua nane, kila moja mvutano: kuamini au kutoamini, kujitawala au aibu, kuthubutu au hatia, bidii au kujiona duni, kujitambua au kuchanganyikiwa, ukaribu au upweke, kulea kizazi kijacho au kudumaa, na uzeeni, kuyakubali maisha yako au kukata tamaa.

Tunapokosea ni kuzisoma kama mitihani: umefaulu wa kwanza, nenda wa pili. Erikson alizungumzia mizani. Mtoto asiye na chembe ya kutoamini ataingia gari la mtu asiyemjua. Na mvutano uliopita hurudi. Mjane wa miaka 60 anaweza kuanza upya suala la kuamini watu.

Kwa vijana, James Marcia alirahisisha kazi mwaka 1966 kwa maswali mawili: je, ametafuta? Je, ameamua? Aliyetafuta akaamua, amefika. Anayetafuta bado hajaamua, yuko njiani. Aliyeamua bila kutafuta amechukua la wazazi. Asiyetafuta wala kuamua anaelea. Tumieni maswali hayo kwa kijana anayesubiri matokeo ya kidato cha nne. Ila mimi sikubali kwamba anayerithi jahazi la baba yake bila kuhangaika ni lazima awe na kasoro. Marcia aliwahoji wanafunzi wa chuo Marekani, watu waliopewa miaka ya kutafuta. Nani anampa kijana wa Kilwa miaka hiyo?

Na wazee? Tunasema akili zao zimepungua. Zipi? Warner Schaie alianza kuwapima watu Seattle mwaka 1956, akawarudia kila baada ya miaka saba. Kwa nini awarudie? Kwa sababu ukimpima leo mzee wa miaka 75 na kijana wa 25, hupimi umri peke yake. Unapima pia darasa la nne la zamani dhidi ya chuo kikuu cha leo. Alipowafuatilia watu walewale, kasi ilishuka mapema, lakini msamiati uliendelea kuwa imara hadi uzeeni. Paul Baltes, aliyefanya kazi Berlin, akaeleza wazee hodari wanafanyaje, akimtaja mpiga kinanda Arthur Rubinstein akiwa na miaka 80: alipunguza nyimbo, akazifanyia mazoezi zaidi zilizobaki, na kabla ya sehemu za kasi alipunguza mwendo makusudi ili kasi isikike. Kuchagua, kukazia, kufidia. Fundi cherehani wa miaka 70 anayeacha suti akabaki na kanzu, anayekata asubuhi penye mwanga na kumwachia mjukuu kutunga uzi, anafanya yaleyale matatu. Msimwambie apumzike. Muulizeni ni lipi anataka kubaki nalo.

Nimalizie na swali la nani alitazamwa. Lawrence Kohlberg alijenga hatua sita za maadili kutoka kwa wavulana 72 wa eneo la Chicago, katika tasnifu yake ya mwaka 1958. Wavulana tu! Carol Gilligan alilisema hilo wazi mwaka 1982. Bame Nsamenang wa Kamerun aliandika mwaka 1992 makuzi yanayohesabiwa kwa majukumu ya kijamii, tangu mtoto apewe jina hadi mzee awe mhenga, kwa sababu kwao ukuaji ni kuongezewa dhamana. Mtoto anayetumwa dukani akarudi na chenji kamili amepita kipimo ambacho Geneva, alikofanyia kazi Piaget, hakikuwapo.

Kule Kokwet, Super na Harkness waliwaomba watoto wamsimulie mtu mzima hadithi waliyotoka kuisikia. Wengi walinyamaza. Wangeweza kuandika "lugha imechelewa". Hawakuandika. Walitazama nyumbani, wakaona mtu mzima humwambia mtoto ili afanye, na mtoto huonyesha kwamba ameelewa kwa kufanya, si kwa kusimulia. Na Robert Serpell aliwapa watoto wa Lusaka na wa Manchester kazi ya kuiga maumbo. Kwa penseli na karatasi, wa Manchester waliongoza. Kwa waya, wa Lusaka waliongoza, maana waya ndio wanaoundia magari yao ya kuchezea. Kwa udongo wa kufinyanga, wakawa sawa.

Kwenye fomu mnazotumia kumpima mtoto anayeanza shule kuna mahali pa kumwambia achore. Chini yake andikeni kwa mkono mstari mwingine, mumuulize aliyemleta: mtoto huyu nyumbani hutengeneza nini, na kwa kitu gani? Akisema waya, kalete waya. Akisema udongo, kalete udongo. Kisha ndipo mumpe alama.